Kuhusu Moto wa Jiko Lako la Nyama

Kambi ya mgodi, karibu na Kibua,
Walikale, tarehe 9 Juni 1969

Mpendwa dada Régine,

Nakusalimu kwa upendo wa ndugu. Je, miguu ya shemeji Apollinaire imepata nafuu? Na Mama Adelaïde, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kupasua mawe ya kasiterite, yale yanayotoa bati, kutwa nzima.

Barua yako ilinifikia. Nimefurahi kwamba umekata pipa ukatengeneza jiko la kuchomea nyama nyuma ya nyumba, uuze siku za soko. Lakini unataka kumtoa ng'ombe wetu, naye ni mmoja tu, ili yule mfanyabiashara wa Butembo akupe jiko la gazi na chupa yake ya chuma. Hilo limenifikirisha sana.

Sikatai, gazi ni nzuri. Unazungusha kifungo, moto unapungua, moshi hakuna. Petroli ya taa usiijaribu kabisa, nyama inanuka taa.

Hapa kambini mkubwa wetu alitupatia jiko lake la zamani la gazi. Mwenzangu Nzabandora, mtu wa Masisi kama sisi, aling'oa midomo yake inayotoa moto, akaifunga ndani ya nusu pipa, tukachoma mbuzi wa Pentekoste. Tulipomaliza akafanya kama tunavyofanya nyumbani jioni: akaufukia moto kwa majivu, akafunika kwa bati, ili aukute kesho yake. Moto ulizimika, lakini chupa hakuifunga, gazi ikaendelea kutoka chini ya bati. Asubuhi alifunua, hakuona kaa jekundu, akawasha kiberiti.

Yuko hai, lakini uso na mikono vimebabuka. Nilipokuwa namlisha uji aliniambia, "Kaka, moto ya kwetu ukiifunika, njo inalala. Hii ilikuwa macho."

Wengine walimcheka. Mimi sikuweza, maana ningefanya vilevile.

Sasa mfikirie Mama. Kila jioni ni yeye anayefukia moto, na hakubali kufundishwa na mtu. Tena mvua ya huko ikianza, jiko utaliingiza ndani, alipolala Apollinaire.

Tumia makala, makaa yetu ya miti, dada. Kuni za mikaratusi ziache, nyama itanuka dawa. Toboa matundu chini ya pipa. Ukitaka moto upungue, ziba machache kwa udongo. Na ng'ombe abaki, maziwa yawe ya mwanao Sophie na wadogo zake.

Kama ng'ombe amekwisha kwenda, sitakasirika. Ila chupa ikae nje, na kila jioni uifunge wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla Mama hajachota majivu.

Nisalimie Apollinaire, Mama, Sophie na dada Constance. Mungu awalinde wote wanaolala chini ya paa lako.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata huku mbali,
Benoît