Kitabu Kinachojifunga Chenyewe

Mshauri mpendwa, nimekwama, naomba uninasue kabla ya Jumatatu. Mimi ni mjalidi wa vitabu kwenye duka la kaka yangu la uchapishaji, na tulipata kazi ya vitabu vya mwongozo wa kompyuta kwa ajili ya hospitali, vinene kama tofali, nikamwambia kaka tuvifunge kwa spairo, ule waya wa kujiviringisha matunduni, ili vilale wazi mezani, akasema, “Spairo ni za madaftari ya watoto, hawa ni watu wazito, wanataka kitabu chenye mgongo,” basi nikapaka gundi, nikabana, vikatoka vizuri kweli. Sasa wifi yangu, mke wa kaka huyo huyo, ni karani wa mapokezi hospitalini hapo, naye anasema kitabu ukikiachia kinajifunga, kwa hiyo hukikandamiza kwa kiwiko akaandika kwa mkono mmoja, na juzi alikuwa anafuata maelezo ya kuhamisha miadi ya wagonjwa, mtu akamwita, akainua kiwiko, kitabu kikajifunga, alipokifungua akaangukia ukurasa wa maelezo ya kufuta miadi, kurasa zenyewe zinafanana, akabonyeza, miadi ya wiki nzima ikapotea na wagonjwa wakarudishwa nyumbani, wengine wametoka mbali kwa mikongojo. Jumatatu ameitwa mbele ya wakubwa, huenda akafukuzwa. Tulipokuwa tunakula kaka akamwambia, “Wewe mzembe tu, kitabu kina kosa gani?” Wifi akainama, mimi nikaendelea kutafuna. Nikisema, hospitali itaturudishia kazi yote na kaka ataniona msaliti. Nifanyeje?

Mjalidi

Dada mjalidi, pole. Uliliona tatizo mapema, ukasema, ukazidiwa kauli, hapo sikulaumu. Lakini mwenzako anaitwa mzembe kwa kazi iliyotoka mikononi mwenu, nawe unatafuna? Hapo nakugombeza. Wala usimsafishe wifi kabisa: alibonyeza bila kusoma kichwa cha ukurasa, na hilo aliseme mwenyewe. Ila kitabu cha kompyuta si pambo la kabati. Anayekitumia mikono yake iko kwenye kibodi. Hana mkono wa tatu.

Leo hii zungumza na kaka yako dukani, si mbele ya mkewe. Usibishane naye. Mkalishe kwenye kompyuta, mpe kitabu, mwambie afuate ukurasa wowote wa katikati kwa mikono miwili. Kikishamchosha, mwambie mtavichukua vitabu vyote, mtakata migongo na kutia spairo. Pima kwanza ukingo wa ndani, matundu yasile maneno. Mbele ya kurasa za kufuta weka karatasi ngumu nyekundu.

Jumatatu nenda na wifi, ukawaeleze wakubwa mlichokosea na mtakavyokirekebisha. Kaka akigoma, nenda hivyo hivyo. Atanuna, mwache anune. Ni afadhali anune mkewe akiwa bado ana kazi.