Jina la Baba Mkwe Kwenye Mizani

Jumanne, hapa Mpemba.

Bado naisikia sauti yangu ikilitamka.

Kwetu Wandali mkamwana hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Wangu anaitwa Kilo. Naandika tu, sisemi. Jina lilitoka kwa wazee wake Ileje, neno la mizani lilitoka Ulaya, hayajuani kabisa, lakini mdomoni ni kitu kimoja. Miaka sita hapa zahanati napima watoto na kutaja namba tupu. Wenzangu wamezoea.

Leo baba mkwe mwenyewe kamleta mjukuu wake, mtoto wa shemeji yangu, homa imempanda vibaya. Nikampima haraka. "Kumi na moja," nikasema.

Daktari mpya, kaja juzi tu kutoka Tanga, akasita na sindano mkononi. "Kumi na moja nini, sista? Sichomi kwa kubahatisha."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Ningeweza kuandika kwenye kadi nikamwonyesha. Wazo hilo halikunijia. Macho ya mtoto yalianza kugeuka.

"Kilo kumi na moja."

Mzee akatoka nje.

Mama mkwe kanituma nitafute kuku wa kuombea radhi. Kuku nitatoa. Ila kesho mtoto anarudi kuchomwa sindano nyingine, na huyo daktari ataniuliza vilevile, na mimi...

Jioni hii mtoto amekunywa uji, akaomba mwingine. Baba mkwe hajagusa chakula nilichopika.