Mbuzi Aliyemngoja Winga

Ngcele, Peddie
14 Machi 1999

Baba Ludwe,

Mwanao ameilisha redio uji. Sasa hivi, hata sijapangusa. Niligeuka kuchukua kuni, kurudi namkuta amepanda kiti cha babu yake, kijiko mkononi, anaumimina uji kwenye vile vitundu vya sauti, anasema, "Kula baba, kula, umekimbia sana." Jumamosi walilitaja jina lako huko redioni kwenye mechi ya raga, na baba mkwe akawa anajipiga kofia gotini akipiga kelele, "Huyo! Mwanangu huyo!" Basi mtoto kaelewa kwamba unakaa humo ndani.

Kucheka nilicheka, Jwarha. Halafu nikakaa kitako, nikakitazama kile kijiko.

Habari za huko Bloemfontein? Unalala vizuri? Unakula? Sisi huku wazima, mgonjwa ni redio tu. Mama mkwe MaBhele anakusalimu, mgongo umempa nafuu. Mwandiko wangu uuvumilie, shule niliiachia darasa la sita na wewe unajua.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Baba mkwe amemleta mbuzi mweupe kwa ajili ya Ludwe. Mtoto anakaribia miaka mitatu na hajapelekwa zizini kutajwa kwa wahenga. Anashtuka usingizini, analia, na MaBhele anasema hii si minyoo, ni kwamba wazee wa ukoo wenu wa Jwarha hawajaambiwa huyu ni wa nani. Baba mkwe naye anasema kisu hakitoki kwenye ala mpaka baba mtu asimame pale amemshika mwanawe. Pasaka kila mtu anarudi nyumbani, na vijana wetu watacheza raga na wale wa ng'ambo ya mto. Njoo Pasaka. Uje, usimame, urudi kazini kwako. Mbuzi yuko tayari, kamba i shingoni.

Mkeo,
Mama Ludwe


Bloemfontein
29 Machi 1999

Mama Ludwe, mke wangu,

Pokea salamu, na uwape wazazi zao. Mimi mzima, mifupa yote iko mahali pake. Barua yako niliisomea chumba cha kubadilishia nguo, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakataka kujua kisa. Nikawaeleza. Nilikosea! Sasa jina langu ni Uji. "Uji, toa mpira! Uji, umeshiba leo?" Hata Kocha Duvenhage, mzee asiyejua kucheka, jana kaniita Uji.

Pasaka sitaweza. Usikunje uso kabla hujamaliza kusoma. Winga wetu wa kwanza ameumia bega, na jezi namba kumi na nne nimevishwa mimi. Nikiondoka, hata kwa siku moja, kuna vijana wanaitazama kama mbwa wanavyotazama mfupa. Halafu huku ukiwa mweusi watu wananong'ona kwamba umewekwa ili hesabu ya weusi itimie. Nataka nikimbie mpaka wanong'onao wanyamaze. Nielewe, mke wangu. Tangu nikiwa mdogo nikikimbiza ng'ombe wa baba, nilikuwa nawaza jezi hii.

Msimu ukiisha nakuja. Mwambie Baba mbuzi ale majani, asubiri.

Nawatumia jezi niliyoivaa siku ile ya redio. Nimeifua, doa la nyasi limekataa kutoka.

Mumeo,
Baba Ludwe


Ngcele
8 Agosti 1999

Baba Ludwe,

Hujambo, Jwarha? Tulisikia kwa jirani (redio yetu bado inanuka uji uliochacha) kwamba umefunga trai. Baba mkwe alitoka nje akawaambia ng'ombe. Naapa. Alikwenda zizini akawaambia mmoja mmoja.

Ludwe anaivaa jezi yako, inamfika vifundoni. Anaikanyaga, anaanguka, anainuka anapiga kelele, "Penalti!" Siku moja alimuuliza babu yake pale mgongoni pameandikwa nini. Akaambiwa kumi na nne. Mtoto akadhani ni jina, akalipenda, akampa mbuzi.

Ndiyo hivyo. Mbuzi anaitwa Kumi na Nne. Akiitwa anakuja. Wanacheza raga uwanjani, mpira ni soksi yako kuukuu iliyojazwa matambara. Ludwe anakimbia, mbuzi anamfuata, anamtia kichwa matakoni, wote chini. Baba mkwe anakaa ukutani anawatangazia kama mtu wa redio. "Huyu mbuzi," anasema, "ana miguu kuliko mawinga wengi niliowaona."

Lakini juzi bombani Nosakhele, yule jirani wa mdomo, aliniuliza mbele ya wanawake wote, "Makoti, bi arusi wetu, mbuzi wenu yule mtamchinja au mtamwoza?" Nilicheka na wenzangu. Kicheko kiliishia kwenye meno.

Maana mbuzi wa wahenga hapewi jina, Jwarha. Anafika, anachinjwa, basi. Sisi tumemkawiza hadi amekuwa ndugu wa mtoto. Nilimwomba MaBhele atafutwe mwingine. Akasema huyu ameshatajwa zizini, wahenga wameshaambiwa ni mweupe na ni huyu, hawabadilishiwi kama kitu cha dukani.

MaBhele alitaka tuendelee bila wewe. Baba mkwe akakataa. Akaniambia, "Makoti, mimi nimecheza raga tangu ndevu hazijaota mpaka zikaingia mvi, kwenye uwanja wenye mavi ya ng'ombe. Nilikuwa hodari. Muulize yeyote. Lakini nani alinitazama? Mbuzi na wajomba. Mwache kijana atazamwe kwanza. Tutamngoja."

Kwa hiyo tunangoja. Desemba ndiyo mwezi wa kurudi, hata wa migodini wanarudi. Nimeshaanza kumwambia Ludwe kwamba baba atatoka kwenye redio aje Desemba. Usinifanye mwongo.

Mkeo,
Mama Ludwe


Bloemfontein
30 Novemba 1999

Mama Ludwe,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi sijambo kwa watu. Kwako nitasema kweli: goti la kulia linavimba. Asubuhi nalifunga kitambaa kabla wenzangu hawajafika, jioni nalikanda kwa barafu mlango ukiwa umefungwa. Daktari wa timu sijamwambia, wala kocha. Ukisema unaumwa, kesho jezi ina mtu mwingine.

Majina ya msimu mpya yanapangwa sasa. Wanaokwenda nyumbani mapema wanarudi wakute kiti kimekaliwa. Nimeambiwa mwakani huenda nikaitwa timu kubwa, ile inayosafiri nje. Hapa ndipo pa kuvumilia, mke wangu. Kidogo tu.

Fanyeni bila mimi. Nimefikiri sana kabla ya kuandika neno hili. Itundikeni jezi yangu kwenye nguzo ya zizi, pale ambapo ningesimama. Jasho langu limo ndani yake. Wahenga watanijua kwa harufu.

Usimwambie Baba habari ya goti.

Mumeo,
Baba Ludwe


Ngcele
27 Desemba 1999

Baba Ludwe,

Salamu. Tu wazima. Tumefanya.

Nitakueleza yote, kwa sababu ni mwanao na hukuwepo.

Baba mkwe alipomaliza kusomewa barua yako alivaa koti lake la kanisani, akaenda mwenyewe kuitundika jezi. Upepo uliingia mikononi mwa jezi ikawa kama inapunga. Wazee wakaja, pombe ikamiminwa chini, ukoo ukatajwa: Jwarha, Mtika, Mazaleni. Nilisimama nje ya zizi na wanawake, kama inavyotupasa, nikimwona mwanangu amesimama peke yake chini ya jezi.

Walipokwenda kumshika mbuzi hawakuhitaji kamba. Ludwe aliita, "Kumi na Nne!" akaja mwenyewe. Alikuja mbio, Jwarha. Alidhani ni mchezo.

Unajua mbuzi lazima alie ndipo wahenga wakubali. Alilia. Wazee wakaitikia, "Camagu! Wahenga wamepokea!" wakafurahi. Lakini mtoto naye alilia, kwa sauti ileile, na mimi sikuweza kumfikia.

Nyama ya kwanza, ile ya chini ya mkono wa kulia, ikachomwa bila chumvi, akaletewa. Akafunga mdomo. Wazee wakabembeleza. "Kula, kidume, ndipo na sisi tule." Hakufungua. Jua likashuka, hakuna aliyegusa nyama wala chungu, mbwa wanatutazama. Mzee mmoja akanong'ona kwamba mtoto anawakataa wazee wake. Mwishowe Ludwe akaichukua nyama, akaenda kwenye nguzo, akajinyoosha, akaipandisha mpaka kwenye shingo ya jezi. "Kula, baba."

Baba mkwe alivua kofia. Akasema taratibu, "Jezi haina mdomo, mwanangu." Kisha akageukia ukuta.

Ndipo wakaniruhusu niingie. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Baba ameshakula. Amesema sasa ni zamu yako." Akanitazama machoni sana. Akala. Camagu zikasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo sasa ni Jwarha kamili. Babu yake kamfundisha kujitaja, na kila mgeni anayefika anaulizwa getini, "Wewe wa ukoo gani?" Usiku halii tena. Lakini mimi nilimdanganya mtoto mbele ya wahenga, na naona wananitazama. Jezi nimeikunja, ina harufu ya moshi. Ludwe hataki tena kuivaa.

Goti lako linaendeleaje? Sijamwambia mtu.

Mkeo,
Mama Ludwe


Bloemfontein
9 Juni 2000

Mama Ludwe,

Nisamehe ukimya. Barua zako tatu zilifika. Nilizisoma, nikashika kalamu, nikaiweka chini.

Natumaini mtoto ni mzima. Natumaini wazazi wazima. Mimi natembelea fimbo.

Mlisikia kwa jirani kwamba nimeumia. Redioni walisema ni kidogo. Ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu. Niliupokea mpira pembeni, hakuna mtu mbele yangu, nyasi tupu mpaka mwisho. Hakunigusa mtu yeyote. Nilikanyaga tu, goti likaniacha. Nikiwa chini nilisikia watu uwanjani wakisema "Aaaa," kama wanaomsikitikia mtoto aliyemwaga maziwa.

Daktari aliyenipasua aliuliza linauma tangu lini. Nikamjibu. Akatikisa kichwa, akasema ningelipumzisha Desemba ile lingepona. Desemba ile, mke wangu. Ningekaa nyumbani, ningekunywa maziwa ya mgando ya Mama, ningesimama zizini na mwanangu, na bado ningekuwa na goti. Nililinyima goti pumziko na mtoto nikamnyima baba, vyote siku moja, kwa ajili ya jina kwenye karatasi ukutani. Timu ile ya nje haikuniita kamwe.

Mkataba umeisha. Kocha Duvenhage alinipa mkono, akaniita kwa jina langu halisi. Hapo ndipo nilipojua.

Nafikiria kutafuta kazi ya kulinda mlango mahali fulani huku. Nitarudije? Baba aliwaambia ng'ombe. Atawaambia nini sasa? Na huyo mtoto anapomuuliza mgeni ukoo wake, mimi nitamjibu kwa uso gani?

Usiniandikie tena kwa anwani hii. Chumba nakiacha mwisho wa mwezi.

Mumeo,
Wandisile


Ngcele
2 Julai 2000

Baba Ludwe,

Umejiandika Wandisile mwishoni, kana kwamba unaniandikia mimi mgeni. Mimi bado ni Mama Ludwe, na wewe ndiwe Baba Ludwe, uwe na goti au usiwe nalo. Hujambo? Unakula? Nauliza tu, hata kama sijui barua hii nitaipeleka wapi. Nimeona niandike hivyohivyo. Labda utaleta anwani.

Barua yako nilimsomea baba mkwe yote, na habari ya Desemba pia. Nisamehe. Aliikoroga chai mpaka ikapoa. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyesema atazamwe kwanza. Ningemwambia njoo, angekuja." MaBhele akamwambia, "Haya, mmeshakosea nyote wawili, sasa acheni kushindana." Jioni baba mkwe alikwenda zizini. Nilimfuata kwa nyuma nikamsikia anawaambia ng'ombe. Aliwaambia, "Kijana anaumwa mguu, atarudi." Basi. Hakusema lingine. Kwa hiyo ng'ombe wameshajua, usiwaogope.

Vijana wa kijiji hawana wa kuwafundisha. Pasaka wale wa ng'ambo walitufunga mpaka tukaona haya, winga wetu alikimbilia upande usio wake. Mwalimu hahitaji magoti mawili. Sisemi hiyo ni kazi kama ile ya kwako. Nasema uwanja upo na watoto wapo.

Na jana Ludwe aliomba jezi. Nikamtolea. Ameitandika kitandani kwake, analalia. Ameniuliza, "Mama, siku ile baba alikula kweli?" Nimemwambia hapana. Nimemwambia baba alikuwa mbali na mama alidanganya. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi ana njaa." Kwa hiyo, Jwarha, popote ulipo, jua kwamba hapa kuna mtu anayekuwekea chakula. Jana ilikuwa kipande cha mkate chini ya mto wa kulalia. Sisimizi wamejaa, lakini sikuwafukuza, kwa sababu

Ngoja, ananiita kutoka nje. Nimemwambia naandika. Anasema kuna mgeni getini, ana begi na fimbo, na mbwa habweki, anatikisa mkia tu. Nimemwambia amuulize ukoo kwanza, ndivyo babu alivyomfundisha. Nilikuwa nasema kwamba mimi sikuolewa na jezi, na ukija hata kwa kutambaa nita

Amerudi mbio, ananivuta mkono. Anasema mgeni naye ni Jwarha, Mtika, Mazaleni, kama yeye, na amepiga magoti, goti moja limekataa kukunjika, mama njoo, na mimi hata sija