Wamesema Nina Haya

Jumapili, Korogwe. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na moyo wangu haujatulia.

Jana wazee wa upande wa Hamisi walikuja kutoka Mkumbara kuniposa. Kwetu, binti anayeposwa ndiye anayewanawisha wageni mikono kabla ya chakula. Shangazi, aliyekuja kutoka Kwamsisi kusimamia shughuli, alinionya mapema: nishike birika kwa mikono miwili, nimimine haraka, nirudi jikoni.

Nilipofika kwa mama yake Hamisi, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka kama kawaida yake. Kifuniko kikagongagonga, maji yakamlowesha kanga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama huyo akatabasamu, akawaambia wenzake, "Ana haya huyu mtoto. Amelelewa."

Wageni wakaitikia. Shangazi akaitikia kuliko wote. Na mimi, Mungu anisamehe, nikainamisha uso nikawa binti mwenye haya.

Haya zenyewe sina. Hamisi anajua, maana mimi ndiye niliyemwomba namba ya simu. Mikono yangu pia anaijua, ila anasema kwao tuwaambie baada ya ndoa.

Mwaka jana daktari alisema ni Parkinson, ugonjwa wa neva usiopona. Nililia wiki nzima, nikameza dawa, mtetemo ukabaki vilevile. Mwezi uliopita daktari mwingine akasema huenda siyo. Huenda ni mtetemo wa kurithi tu. Amenipunguzia dawa kidogo kidogo, nirudi baada ya miezi sita.

Huenda. Nimelichoka neno hilo.

Shangazi anasema ugonjwa usio na jina hautangazwi. Kuna saa namwona ana busara. Lakini nitaishije na mama mkwe anayesubiri haya zangu zipungue?

Leo baada ya chai nimempigia.

"Shikamoo mama. Jana haikuwa haya. Mikono yangu ina ugonjwa wa kutetemeka, na madaktari wenyewe bado hawajui ni nini."

Akauliza kama watoto watarithi. Nikamwambia sijui. Akasema atazungumza na mzee, tukaagana.

Shangazi alinisikia, na tangu hapo hajanisemesha. Hamisi amepiga mara mbili, sijapokea.

Naogopa, sifichi. Wakikataa nitaumia sana.

Lakini wakirudi, watakuwa wanajua wanamchukua nani.