Ubeti wa Saba Umepasuka

Nakivale, 4 Machi 2024

Kwa yaya Nkusi,

Bwana asifiwe. Sisi huku tuko wazima, isipokuwa koo la mama, ambalo unalijua. Wewe je, kaka yangu, na kazi ya studio? Bado unaishi kwa chai na chapati?

Ndani ya barua hii kuna kadi ya memori. Nimempa Mama Mukandoli, yule muuza maharage, akufikishie mkononi, maana nikituma kwa simu sauti inabanwa. Jana baada ya ibada nilimrekodi mama kwa ile mashine uliyoniachia, akiimba wimbo wake, beti zote tisa. Unajua haujaandikwa popote; kwaya nzima imejifunza kutoka mdomoni mwake. Tarehe 27 madaktari wakishamtoa kisanduku cha sauti, hautatoka tena humo. Kwa hiyo nilifanya kwa makini. Nilimwomba aseme kidogo kwenye maikrofoni nipime, akasema, "Mungu abariki bote," nikapandisha kitufe cha sauti mpaka akasikika vizuri. Alipoanza kuimba, taa nyekundu iliwaka karibu muda wote. Nilifurahi sana kuona nguvu bado anazo.

Mdogo wako,
Munezero

---

Mbarara, 8 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Munezero,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi ni mzima. Chapati niachie mwenyewe.

Nakuambia bila kuzunguka: sauti imepasuka. Taa nyekundu si sifa, ni onyo. Kwenye mashine, sifuri ndiyo dari. Sauti ikizidi hapo, mashine haiandiki kilichozidi. Inakikata kichwa na kuacha bapa, na bapa hilo ndilo mkwaruzo unaousikia. Usidhani nitapunguza sauti ipone. Nikipunguza napata mpasuko uleule, ila mdogo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Najua kosa lilipoanzia. Mama ni mwanamke wa kwetu; mbele ya watu anasema kama anaogopa kumwamsha mtoto. Wewe uliipima mashine kwa adabu yake, kisha yeye akaimba. Safari hii usimwombe aseme. Mwambie aite ng'ombe, kama alivyokuwa akiwaita kule milimani. Anapoita kwa nguvu zote, shusha kitufe mpaka kilele cha sauti kiguse alama ya kumi na mbili chini ya sifuri, halafu usikiguse tena. Ukiona sauti ni ndogo, iache. Ndogo na safi nitaikuza mimi. Maikrofoni iwe mbali shubiri mbili, kando kidogo ya mdomo. Tafadhali rudia upesi, siku hazitungoji.

Yaya wako,
Nkusi

---

Nakivale, 19 Machi 2024

Kwa yaya Nkusi,

Habari za huko? Huku mvua imeanza na mama anakusalimu.

Aliita ng'ombe kweli. Jirani yetu Mutware alitoka mbio na fimbo: "Ni ngombe za nani zinaingia mu shamba yangu?" Mama alicheka mpaka akakohoa. Nikashusha kitufe kama ulivyosema, na taa nyekundu haikuwaka hata mara moja.

Lakini yaya, tumepata beti sita tu. Kwenye ubeti wa saba alifungua mdomo ikatoka hewa. Tumejaribu asubuhi nne, hewa tu. Leo amesema, "Muniache sasa, nimechoka mingi." Nimemwacha. Nina hasira na wewe uliyenipa mashine bila kunifundisha, na ninajichukia mimi zaidi. Sauti ilikuwa mbele yangu, nzima, nikaipasua kwa mkono wangu. Hakuna kitu unachoweza kufanya na ile kadi ya kwanza?

Mdogo wako,
Munezero

---

Mbarara, 12 Aprili 2024

Kwa mdogo wangu Munezero,

Namshukuru Mungu umemfikisha mama nyumbani salama baada ya upasuaji. Pale hospitalini sikuweza kukuambia: una haki ya kunikasirikia. Nilikukabidhi mashine kama mtu anayegawa sabuni, nikaondoka. Nisamehe.

Beti sita nimezichukua kwenye kadi ya pili, ni safi. Ubeti wa nane na wa tisa nimezitoa kwenye ya kwanza. Humo mipasuko ni mifupi, na kuna programu inayotazama sauti iliyobaki pande zote mbili na kuchora kichwa kilichokatwa. Hizo zimepona kiasi. Ubeti wa saba ndio taabu. Hapo mama alipanda juu kabisa, na umepasuka mwanzo hadi mwisho. Programu haikurudisha sauti yake, maana haimo, imebuni. Nimesikiliza mara nyingi mpaka masikio yangu siyaamini tena. Msikilizishe mama, yeye ndiye atakayejua.

Yaya wako,
Nkusi

---

Nakivale, 5 Mei 2024

Nkusi mwanangu,

Amani ya Mungu iwe kwako. Napumua, nakunywa uji, kidonda kinakauka. Sasa nasema kwa kalamu, basi uuvumilie mwandiko wangu.

Nimesikiliza kazi yako. Beti sita za mwanzo ni mimi. Ubeti wa nane na wa tisa ni mimi mwenye mafua, nakubali. Wa saba si mimi. Ni mwanamke mwingine aliyefundishwa wimbo vizuri. Mtoe, na umshukuru. Kwenye ubeti huo ninamtaja baba yenu, na siwezi kumpa mgeni jina lake.

Munezero alisema yeye ni mtu wa mashine, haimbi. Nikamwandikia kwa herufi kubwa: utaimba. Alilia, akanawa uso, akapima kitufe, akaketi mbele yangu goti kwa goti. Kadi imo ndani ya barua hii. Huo ndio ubeti wa saba, uuweke mahali pake na usiusafishe sana.

Nilitaka kumsahihisha kama ninavyowasahihisha wanakwaya, nikakumbuka sina mdomo. Alipokosea nikamgonga goti, akarudia. Nikamgonga tena, akarudia. Nilimgonga mara tatu. Mara ya nne sikumgonga.

Mama yenu,
Kantengwa