Mgeni wa Meki

Jumapili, 8 Januari 1995

Dada Ephrasia ameondoka juzi. Lori la hawa wanunuzi wapya wa kahawa lilikuwa linarudi Songea, dereva akawapa nafasi mbele, yeye na shemeji Florian. Kifua kikuu. Sindano kila siku, miezi miwili au zaidi wodini, halafu vidonge nyumbani. Watoto hawaruhusiwi. Kwa hiyo Meki nimeachiwa mimi. Mama anasema tumeachiwa sisi – lakini anayelala naye na kuamka amelowa mkojo wake ni mimi.

Jina lake ni Mektilda. Miaka mitatu. Kichwa kikubwa, miguu ya njiti. Amezaliwa Mbamba Bay, huku milimani alikuwa anakuja kusalimia tu. Leo baada ya misa alizunguka nyumba yote, akarudi, akaniuliza ziwa liko wapi. Nikamwambia Kitura hakuna ziwa. Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyelificha.

Jumanne, 10 Januari

Mvua tangu alfajiri. Kilio tangu alfajiri. Uji hataki, ndizi hataki, mgongoni hataki. Mimi na kilio cha mtoto hatupatani, nasema kweli, kidogo tu nimzabe kofi.

Badala yake nikachukua karai la kufulia. Maji hadi nusu, kokoto, mchanga kidogo. Gamba la mgomba likawa mtumbwi. Vifuniko vya soda – Bi Subira wa dukani alinipa, ingawa alicheka sana aliposikia ni vya nini – hivyo vikawa usipa, dagaa wa ziwani kwao. Sikusema kitu. Nikaweka karai barazani, nikaingia ndani kuchambua maharage.

Kimya. Nikachungulia. Mikono imezama hadi kwenye viwiko, anavua kwa chujio la chai. Kila akipata kifuniko anakinusa kwanza.

Amekula uji wote. Chujio Mama amelitafuta hadi jioni na mimi nikamsaidia kulitafuta.

Ijumaa, 13 Januari

Sasa kila siku anataka jambo. Kidato cha nne nimemaliza ili niwe mvuvi wa vifuniko!

Jana ilikuwa beseni la kahawa kavu yenye maganda, ile iliyobaki ya mwaka jana. Anatumbukiza mikono, anaficha vidole, natafuta vidole. Leo maharage ndani ya kopo la mafuta, nimeziba kwa kitambaa, tumepiga kayamba mpaka jogoo akakimbia. Mama akatoka jikoni. Chakula hakichezewi, akasema, na yeye amelea saba bila makopo. Nikamjibu kwamba sisi saba tulicheza na matope yake ya nje, hakutuona tu kwa sababu alikuwa shamba. Akaguna.

Jioni nimemkuta amechuchumaa mbele ya beseni la kahawa, anamwambia Meki kwa Kimatengo kwamba kuna panya amemuuma kidole. Meki hoi kwa kicheko. Nimerudi nyuma taratibu wasinione.

Jumatano, 25 Januari

Meki analala na kanga ya mama yake. Anaikunja anaiweka puani. Nilinusa na mimi: moshi wa usipa, mafuta ya nazi, jasho la Dada. Ni yeye mwenyewe kabisa. Nikajifanya nina mafua.

Ijumaa, 27 Januari

Mama ameichemsha kanga! Kwenye sufuria kubwa, kwa sabuni ya mche, kisha akaianika. Eti ni ya mgonjwa wa kifua, mtoto ataipumulia mpaka lini. Sikuweza kusema amekosea. Lakini niliumia, na nimemnunia mpaka sasa.

Meki aliinusa ikiwa kwenye kamba. Akaiangusha chini. Akasema hiyo siyo.

Jumamosi, 28 Januari

Nimefanya ujinga. Jana usiku nilichukua usipa wa moshi, nikawafunga ndani ya kanga, nikapaka na mafuta ya nazi kwenye pindo, nikaiweka chini ya kitanda ilale hapo. Asubuhi paka amekula usipa wote na kutoboa kanga mahali pawili. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tumepatana.

Meki aliinusa tena. Akafikiri. Akasema inanuka paka.

Jumatatu, 6 Februari

Nimeanza kuogopa. Nilimuuliza mama yake anaitwa nani, akasema Ephrasia, vizuri. Nikamuuliza yukoje. Akavuta kamasi, akasema ana kanga.

Kumbe mtoto wa miaka mitatu anasahau haraka hivyo? Dada analala huko anamuwaza, huku sura yake inafutika.

Basi nimebuni mchezo. Mkeka ni kitanda cha wodi. Mimi nalala, mimi ndiye Mama. Meki ni sista. Ananipima joto kwa kijiti, ananichoma sindano ya mwiba wa limau – niliuvunja ncha – ananipa uji wa udongo. Mimi nasema: sista, nina binti yangu Kitura, nikipona nitarudi kwake. Yeye anasema: lala. Mchana kutwa. Mwili wangu wote una alama za mwiba, lakini jina la Mama halikauki mdomoni mwake. Nimejisifu sana leo.

Jumapili, 19 Februari

Mahindi yametoa ndevu. Tumetengeneza mtoto wa gunzi la mwaka jana, amevaa kitambaa, nywele ni ndevu mbichi za mahindi. Tumemsuka. Meki alishika zile ndevu kwenye shavu lake kwa muda mrefu sana, macho amefumba. Mtoto kapewa jina Bi Subira, kwa sababu amefungwa ushungi. Nimemweleza Bi Subira mwenyewe dukani. Akasema amefurahi, ila nimwangalie mwenzake asipewe udongo mchana, ni mwezi wa Ramadhani.

Jumatano, 1 Machi

Majivu. Tulikwenda wote kanisani, padri akampaka na Meki. Akagusa paji la uso, akaonja kidole. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni. Tulipomkuta alikuwa ameshampaka msalaba Bi Subira wa gunzi, mbuzi, mtungi wa maji, na mlango. Mama alianza kukasirika, halafu Meki akamnyooshea kidole cha majivu. Akainama akapakwa mara ya pili. Mbuzi naye ameshika Kwaresma.

Alipofika kwangu akanipaka, akasema: na wewe, Mama.

Si Mama Mdogo. Mama. Nikamwambia hatuchezi wodi saa hizi. Akasema anajua.

Alhamisi, 2 Machi

Sijalala vizuri. Mwezi mzima nimelala kwenye ule mkeka nikisema mimi ndiye Mama, mimi ndiye Mama. Nilitaka asimsahau. Sasa hajasahau – amemhamishia kwangu. Mwenye akili angeliona hili toka mwanzo.

Na jambo baya zaidi, aliponiita vile nilifurahi. Furaha ya kweli, ya tumboni. Niandike hivyo hivyo, hakuna anayesoma.

Jumamosi, 4 Machi

Jana sikukuu ya Idd, Bi Subira alituletea sahani ya pilau. Meki alichagua mdalasini wote akauweka kwenye kopo la kunusa. Sasa kopo hilo lina mdalasini, kipande cha sabuni, jani la limau, kitunguu. Namfumba macho, anataja. Nilijiweka na mimi, mkono wangu mbele ya pua yake. Akataja bila kusita: Mama.

Nimemsahihisha. Mama Mdogo. Akasema hapana.

Jumanne, 14 Machi

Dereva wa lori amepita na habari. Dada anaongezeka uzito, hakohoi tena, anaruhusiwa wiki ijayo. Daktari amesema hawezi kumwambukiza mtu sasa. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nami nikapiga. Atapumzika hapa hadi apate nguvu, halafu Florian atawachukua wote wawili warudi ziwani.

Wote wawili. Nilikwenda kuteka maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Nimeacha mchezo wa wodi. Nimemwambia Meki hospitali imefungwa. Analalamika kwamba ana wagonjwa.

Jumamosi, 25 Machi

Amefika. Mwembamba, koti la mitumba linamning'inia, lakini macho ni yale yale ya kutania. Akaniambia nimenenepa, nimekula chakula chake.

Meki alijificha nyuma yangu. Ameshika sketi yangu kwa ngumi mbili. Dada akachuchumaa, akamwita kwa jina la kumdekeza, akafungua mikono. Meki akatoa kichwa, akasema: shikamoo mgeni.

Hakuna aliyecheka. Dada akaitika marahaba, taratibu, kama alivyoamkiwa. Kisha Meki, kwa adabu aliyofundishwa na bibi yake, akaenda kuburuta kigoda akamwekea. Akamletea maji ya kunawa, nusu yake yamemwagika. Mgeni akakaa.

Jumapili, 26 Machi

Meki ameniita Mama mbele ya Dada. Mezani, kwa sauti, kuomba chumvi. Baadaye nyuma ya jikoni nilijaribu kumweleza Dada habari ya mkeka na mwiba wa limau, nikababaika, nikaanza kulia kama mjinga. Dada akasema angeniwekea kinyongo kama mtoto angekuwa ananiita jina lolote dogo kuliko hilo. Halafu akageuka akaangalia migomba. Mabega yalikuwa yanatikisika na hakuwa anakohoa.

Mama amemtengea kikombe chake peke yake, cha bati, rafu ya chini. Nimekichukua nikakichanganya na vingine. Atakitafuta kama chujio.

Jumanne, 28 Machi

Ni wakati wa kuchimba ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Mlima mzima watu wameinama. Mama yuko shamba, mimi nabaki zamu kumwangalia mgonjwa.

Meki naye ana shamba lake uani. Ameona, anajua: baba anafyeka nyasi na kuzilaza ziwe miraba, mama anachimba udongo katikati ya mraba na kuzifunika. Kazi ya mume na ya mke, haiingiliani. Yeye ndiye baba. Analaza nyasi, kila mraba mkubwa kama sahani. Mimi ndiye mama, nafunika kwa kijiko kilichokatika mpini. Bi Subira wa gunzi yuko mgongoni kwangu. Udongo una mvua, mweusi, unaingia kwenye kucha, Meki anaukanda na kuunusa na kuuweka shavuni.

Dada aliinuka kwenye kigoda akaja, akataka kushika nyasi. Meki akamrudisha kwa mkono. Mgeni halimi. Kaa pale.

Dada akarudi akakaa. Alikaa pale mchana kutwa, mikono mapajani. Sijawahi kumwona dada yangu akikosa la kufanya na mikono yake.

Alhamisi, 30 Machi

Nimeamua tangu nilipoamka. Naandika hapa hapa uani, daftari liko gotini.

Meki amekuja na kijiko. Mama, twende shamba. Nikamwambia mama leo hawezi, mgongo unamuuma. Akasema atanichoma sindano. Nikasema hospitali imefungwa, umesahau? Nasi tukaangaliana. Nyasi zake zimeshalazwa, miraba iko wazi, jua linapanda, na ngolo isiyofunikwa si ngolo – hata yeye anajua hilo. Kama angelia ningechukua kijiko, najijua.

Hakulia. Alisimama katikati ya shamba lake akiangalia nani yupo. Bibi yuko mlimani. Mbuzi hapana. Akamwangalia Dada kwenye kigoda, kwa muda mrefu. Akaenda. Akamnyooshea kijiko.

Wewe uwe mama, akasema. Unajua kufunika?

Dada akasema anajua kidogo. Akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye udongo na kanga yake ile iliyotobolewa na paka. Akachota, akafunika. Meki amesimama juu yake anamkagua. Amemwambia asiache nyasi zionekane. Dada amesema ndiyo, baba. Sasa Meki amechukua gunzi, anamfunga mgongoni kwa kitambaa, fundo haliingii, Dada amejikunja chini zaidi ili afikie. Pua ya Meki iko kwenye shingo ya Dada. Imekaa hapo. Anavuta pumzi.

Nilitaka kuondoka niwaache. Lakini nilipoinuka tu, Meki akageuka. Akaja mbio, akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye kigoda. Karibu mgeni, akasema. Kaa hapa. Akanimwagia maji mikononi.

Kwa hiyo nimekaa. Kigoda bado kina joto la Dada. Nimeletewa chai ya udongo kwenye kifuniko cha soda, na Meki amenionya ni ya moto. Kutoka pale chini Dada ananiangalia, machozi yanashuka, naye anacheka kwa sababu pua yake ina matope. Nami nampungia kifuniko.

Meki amerudi tena, mikono kiunoni. Anauliza mgeni ataondoka lini.

Nimemwambia mgeni bado anakunywa chai.