Amplifaya ya Marehemu Baba

Walsall, Jumapili

Mdogo wangu Graham,

Huku ni mvua tu, na paka wako kanenepa. Ile amplifaya ya Baba ya miaka ya sitini nilitaka uikute mpya. Nikabandua ngozi yake, ile aliyoiunguza kwa kuegesha sigara kila akipiga gitaa, nikaivika nyingine safi. Fundi Terence alipoiona alishika kichwa. "Doreen wewe! Watu wanazitafuta na makovu yake, wewe unaichuna?" Nilikimbilia nje kuiokoa ile ngozi ya zamani pipani, gari la taka lilishapita. Nisamehe.

Jana niliiwasha. Taa zake za ndani zilipopata moto, ikanuka sigara za Baba. Nikaizima haraka, harufu isije ikaisha kabla hujafika.

Dada yako,
Doreen